Mkono wa Juma la Nane

Gatina, Kawangware,
Nairobi.
18 Mei 2025

Mpendwa Senge Mideva, shangazi yangu,

Mulembe. Nakusalimu wewe na wote wa hapo Mbale. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Sisi tuko salama. Mtoto wetu Valary amepona kifua na amerudi shule.

Uliponiuliza kwa simu mbona sauti yangu imefifia, nilikwepa. Ulifundisha miaka thelathini, Senge, kwa hivyo naona utanielewa bila kunibembeleza.

Unajua nafundisha kazi ya stima katika kituo kidogo huko Laini Saba. Januari niliwapa wanafunzi wangu kumi na wanne silabasi ya kurasa kumi na moja, kwa Kiingereza cha ofisi. Niliiandika mwenyewe na nikajivunia. Ukurasa wa tisa ulisema mtu asiguse boksi kubwa la stima kabla ya juma la nane, tena mimi niwe kando yake.

Juma la nne, nikiwa nje napokea nyaya, kijana mmoja, Mutiso, alilifungua. Alitaka kuona tu. Nilisikia kishindo, nikamkuta sakafuni. Mungu alimwacha hai, lakini hospitalini walimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Ana miaka ishirini na miwili.

Nilienda kwao. Mama yake, Nduku, alinipa kiti, akaniuliza, “Mwalimu, kwani hukumwambia?”

Nikajibu kwamba iliandikwa.

Akavuta begi la mwanawe chini ya kitanda, akatoa zile karatasi. Zilikuwa zimenyooka kama siku nilipozigawa. “Nionyeshe ni wapi.”

Nilipekua, Senge. Mimi niliyeandika nilipapita mahali penyewe mara mbili kabla sijapaona. Yule mama akazirudisha karatasi begini. Afadhali angenitukana.

Kesho yake niliuliza darasani ni nani aliyesoma. Aliyejibu ni Kathini, mwanafunzi ambaye hanifichi kitu. “Mwalimu, tuliona ni mingi hiyo maneno, tukaweka. Tulijua ukitaka kitu utasema.”

Nikaanza upya: karatasi moja kubwa ya ukutani, juma kwa juma, kila juma na mchoro wa kazi yake na maneno machache ya Kiswahili. Mara ya kwanza nilishindwa. Penye hatari nilichora radi nyekundu, na Kathini akaisoma, “Hapa ndipo stima inaingia.” Nikaichana. Nilichora mara nne. Kila mara nilimwacha Kathini asome bila kumweleza, na alipokwama nilijua kosa ni langu. Mwisho, kwenye juma la nane, nikaweka mkono mwekundu uliopigwa mkato, yaani usiguse.

Mwezi wa nne Mutiso alirudi. Sikumtarajia. Alisimama mbele ya karatasi, akasema, “Mwalimu, huu mkono hauogopeshi mtu. Chora wangu.”

Nilikataa. Akaweka kiganja chake cha kulia kwenye karatasi, akangoja. Nikakizungushia kalamu, nikivifuata vile vidole vitatu vilivyobaki.

Jumatatu iliyopita wanafunzi wapya walianza. Sikuwasomea chochote, niliwaacha mbele ya ukuta. Walienda juma kwa juma wakibishana, hata wakafika la nane. Msichana mmoja akauliza, “Mbona vidole ni vitatu? Ama mwalimu alikosea kuchora?”

Mutiso alikuwa nyuma, anafunga swichi kwa mkono wa kushoto. Akaja mbele, akauinua ule wa kulia.

“Hakukosea kuchora,” akasema. “Ni wangu.”

Hakuna aliyeligusa boksi juma hili. Mama yake Mutiso bado haitikii salamu zangu, nami simlaumu. Niombee.

Nisalimie Isaac, Mzee Murunga na wajukuu wote. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema na miguu isiyouma.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye,

Joan