Misuli ya Deo kwenye kisahani

Deo mdogo wangu,

Mpe Mama shikamoo yangu. Huku Ifakara mvua haikatiki. Leo Dada Vero wa maabara, yule aliyekutoa damu, alinichungulisha kwenye darubini. "Damu ya Deo tumeigeuza seli shina, zile zinazoweza kuwa seli yoyote, kisha misuli. Ona."

Misuli kwenye kisahani ikashtuka yenyewe! Nikauliza kwa sauti ndogo kama watakuwekea mwilini utembee.

"Bado, mdogo wangu," Dada Vero akanijibu. "Kwanza tunachunguza protini za juu ya kila seli, tujue ipi ni misuli kweli."

Nikaitikia tu, sijaelewa. Miguu yako imegoma, halafu huku misuli yako inacheza bila wewe? Dada Vero alipogeuka, niliipungia mkono.

Kula ushibe, Mungu akushike.

Dada yako, Anitha