Maharage Kumi Katika Kitambaa Chenye Maji

Mjukuu wangu Dieudonné,

Pokea salamu za hapa Saio. Nyanya yako ni mzima, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeandika kwamba madaktari wa huko Kampala wanapima vimeng'enya katika kipande walichokata kwenye kansa iliyo mwisho wa utumbo wangu, ili wakisie kama dawa na mionzi vitaipunguza kabla ya upasuaji. Unaniuliza: jibu likiwa baya, moyo wangu hautavunjika?

Nilipotoka chuoni, nikijivunia diploma ya kilimo, nilipeleka mbegu za maharage katika kijiji cha Bule. Kabla ya kupanda, mama mmoja wa huko alifunga kumi katika kitambaa chenye maji, aone kama zitaota. Nilibishana naye, nikimwonyesha cheti cha mbegu.

"Weye agronome, basi tupande hii karatasi," alisema, na wenzake wakacheka.

Siku ya tano yalikuwa yameota matatu tu. Nilingoja anitukane.

"Muzuri tumejua mbele ya mvua," alisema, akaenda kwa dada yake kutafuta mbegu nyingine.

Kwa hiyo usilipunguze jibu kwa kunihurumia. Nisomee lote kwa simu siku litakapotoka, tupate muda wa kuuliza kuna tiba gani nyingine.

Nakukumbatia,
Babu yako