Nilivyomsomea Baba Gazeti

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usishangae nikianza kwa kushukuru, maana mtu ninayetaka kumshukuru ndiye huyo huyo niliyemchimbia shimo.

Mimi ni binti wa fundi cherehani, sisi ni Wahindu, na bibi mzaa baba aliniachia sari saba za kushindia nyumbani, zimechakaa, zimejaa viraka alivyoshona mwenyewe mpaka macho yalipomkatalia, nami badala ya kuzifungia kabatini nikaanza kuzitumia kutengenezea picha, nakata, nabandika, nashonea juu yake vifungo vilivyovunjika vya dukani kwa baba, na rangi ya kijivu naipata kwenye majivu ya ubani yanayofagiwa hekaluni, nayakoroga na gundi. Shangazi akasema nimesomeshwa ili nije kuokota takataka, lakini baba alinipa kona nyuma ya meza ya kukatia, akasema, "Fanya, mwanangu. Kitambaa hakina kazi moja."

Mwaka jana nikapata maonyesho yangu ya kwanza, picha kumi na mbili, na mwenye ukumbi akanishauri niweke miungu kwa wingi kwa kuwa wanunuzi wanapenda rangi, basi kumi na moja nikazinakili harakaharaka kutoka kwenye kalenda ya ukutani, Ganesha na kichwa chake cha tembo, Lakshmi juu ya ua lake, na ya kumi na mbili ilikuwa pindo la sari ya bibi tu, na viraka vyake, na majivu. Mhakiki wa sanaa wa gazeti moja, mzee mpole anayeitwa Miwani na kila mtu, akaja, akakaa mbele ya hiyo ya mwisho karibu saa nzima, kisha akaandika: "Hapa pana miungu kumi na moja ya kalenda na bibi mmoja aliye hai. Msanii huyu akiacha kunakili asichokitazama, siku moja atatuonyesha hata hiyo miungu."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Sasa baba macho yake yameliwa na sindano, gazeti namsomea mimi, na alikuwa ameketi na kikombe chake cha chai akingoja kusikia bintiye anasifiwa, nilipofika kwenye sentensi ile ulimi ukateleza, nikasoma, "Miungu ya Wahindu ni picha za kalenda tu."

Baba akaweka kikombe chini. "Rudia."

Nikarudia.

Baba yangu hajawahi kugombana hata na mteja anayekonda halafu akasema suruali imeshonwa vibaya, lakini siku hiyo alivaa koti akaenda kwenye kamati ya hekalu, wakamwamini bila kutafuta gazeti kwa kuwa hajulikani kwa uongo, barua ya malalamiko nikaiandika mimi, na mhariri, kwa kuogopa kelele, akamwondoa Miwani kwenye ukurasa wa sanaa akampeleka kupanga matangazo ya vifo.

Na mimi nikafanya nini? Nikafuata ushauri wake! Nikaenda hekaluni kukaa na kutazama tu, asubuhi nyingi, hadi kuhani aliyekuwa akivisha sanamu nguo akaniita, akanionyesha vazi dogo la hariri, ndani limejaa mishono ya kuziba matundu, akasema, "Hii ni kazi ya bibi yako. Miaka thelathini alizirekebisha nguo hizi, hakuwahi kuomba atajwe." Mshauri, nililia pale pale. Tangu hapo kazi zangu zimekuwa nyingine kabisa.

Mwezi uliopita Miwani akaingia dukani. "Fundi," akamwambia baba, "nimekuja kuomba radhi. Makala yangu nimeirudia mara nyingi, sioni nilipowatukana, lakini kama mmeumia, basi nimewaumiza." Baba akamvutia kiti. Mimi nikaendelea kukata kitambaa. Kisha akaziona picha mpya, akazitazama moja moja, akasema, "Sasa unaongea," na wiki iliyofuata akaniandikia barua ya kunipendekeza chuo cha sanaa, nimekubaliwa, naanza mwezi ujao.

Mama nimemwambia yote. Amesema, "Nyamaza, maji yakimwagika hayazoleki, utamwaibisha baba yako mbele ya kamati." Nimemshonea Miwani mkoba wa shukrani, nashindwa kuupeleka. Nifanyeje?

Binti wa Fundi

*

Binti wa Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilitaka kukufinya sikio. Kuumizwa na ukweli mbele ya baba anayekungoja kwa fahari ni jambo gumu, nakubali. Lakini usiniambie ulimi uliteleza. Baba aliposema "rudia" alikufungulia mlango, wewe ukatia komeo. Na ulimi hauandiki barua ya malalamiko.

Mama anakupenda, ila hapa amekosea. Maji hayazoleki, ndiyo, lakini sakafu hupigwa deki. Na aibu hiyo unayomkinga nayo baba, tayari ameibeba, hajui tu. Heri aipate kwako kuliko kwa mjumbe wa kamati atakayefungua gazeti la zamani.

Mkoba uweke. Zawadi iliyotangulia ungamo ni rushwa.

Chukua makala ile, keti na baba, umsomee yote bila kuruka neno. Atanyamaza. Usijaze ukimya wake kwa machozi yako. Kisha uende kwenye kamati, akitaka kukusindikiza sawa, asipotaka nenda peke yako. Barua ya kukanusha iandike wewe na uitie sahihi wewe, si yeye. Nakala ifike kwa mhariri mkononi, na uombe waziwazi mzee arudishiwe ukurasa wake. Ndipo umwendee Miwani, mikono mitupu. Mweleze ulichomfanyia, halafu umweleze habari ya lile vazi la hariri, maana asingeandika alivyoandika usingelifikia. Hiyo ndiyo shukrani anayostahili.

Akiifuta barua ya chuo, sema asante uondoke. Utaomba tena mwakani, kwa jina safi. Macho aliyokufungua hawezi kuyafumba, hata akitaka.

Nami nakushukuru kwa kuandika, binti. Wengi hungoja waliyemkosea azikwe ndipo wamwage machozi, na wako yu hai, tena anapita dukani kwenu. Baba yako hufungua saa ngapi? Saa mbili? Basi kesho saa moja uwe umeketi naye, na gazeti mkononi.