Hotuba Waliyomkaririsha Sikitu

Madamu,

Kamwene. Huku Mafinga baridi imekaza, na mimi tangu Jumamosi nina kinyaa, kinyaa cha kutaka kutema mate. Nakwambia wewe kwa sababu ndiye uliyenifundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza, na niliporudi hapa nikiwa mwalimu ukanigawia nusu ya darasa lako. Wengine nikiwaambia wananiuliza kama nimekunywa chai.

Udongo wa kaburi lako haujakauka, Mwalimu wa Taaluma akaingia darasani kwetu akabandua karatasi zote ukutani. Zile sentensi za watoto, Madamu. Unakumbuka Sikitu alivyokuja na mfuko mtupu wa mbolea, mkasoma Kiingereza chake neno kwa neno, halafu ukamwambia na yeye aandike lake kuhusu shamba la kwao? Na hiyo karatasi yake aliibandua. Eti makosa yanaaibisha shule, mgeni akija ataona nini. Zikaenda jikoni kuwashia moto wa makande. Mchana nikayala hayo makande.

Sasa watoto wanakariri. Insha moja, darasa zima: baba anafanya kazi benki, Jumapili familia inakwenda ufukweni. Ufukweni, jamani, watoto ambao baba zao wanapasua mbao Sao Hill na bahari hawajaiona. Alama zimepanda, mkuu wa shule anachekelea. Ukimpa mtoto karatasi tupu anaitazama tu. Wewe ulikuwa unasema, "Kosa uliloandika mwenyewe ni lako mwanangu, ulichokopi ni cha nani?" Nikilisema hilo ofisini wananihurumia, wanadhani msiba umenichanganya.

Jumamosi tulikuja kukusimikia msalaba. Taaluma alikuwa ametunga hotuba ya Kiingereza, akamchagua Sikitu kwa kuwa ana sauti. Wiki nzima alikuwa anamtoa kwenye vipindi kwenda kumkaririsha. Mtoto akasimama pale ulipolala, akaitiririsha yote bila kumeza mate. Wageni wakapiga makofi. Makofi, Madamu, makaburini. Nilimvuta pembeni nikamuuliza amesema nini juu yako. Akaangalia viatu vyake. "Sijui, mwalimu. Nimekariri tu."

Nikachefukwa. Siyo na yeye, maskini, amekosa nini? Ni sisi watu wazima, tumekaa kwenye viti vya kukodi tunamshangilia mtoto asiyejua anachosema, tena juu ya kaburi lako wewe uliyelikataa jambo hilo maisha yako yote. Na mimi nilikuwa kwenye hivyo viti. Sikupiga makofi, lakini nilikaa.

Jumatatu nilifunga mlango wa darasa nikawaambia kila mmoja aandike lake kuhusu wewe, kwa Kiingereza chake hichohicho hata kama kimepinda. Wengi wakaniandikia ile ya benki. Ndiyo kitu pekee walicho nacho. Sikitu aliandika, akafuta, akatazama dirishani mpaka nikadhani ameshindwa. Kengele inakaribia ndiyo akaniletea sentensi mbili, zimejaa makosa mwanzo mwisho. Kwa Kiswahili zinasema hivi: "Madamu alikuwa anasoma ninachoandika. Sasa hasomi mtu."

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo cha walimu. Nililia, sikufichi.

Niliibandika karatasi hiyo ukutani, peke yake. Taaluma ameiona. Anataka itoke, na amesema nisipogawa insha za kukariri wiki hii ataniondoa Kidato cha Kwanza, nibaki kusimamia usafi wa mazingira. Aniondoe basi. Ila aje kuniondoa mchana, mbele ya watoto, awaeleze yeye mwenyewe kosa langu ni lipi.

Pumzika, Madamu wangu. Ulichoka, na sisi tulikuwa tunakuona unachoka tukanyamaza. Insha zake sigawi. Na hata nikiwa nasimamia mafagio, anachoandika Sikitu nitakisoma mimi.