Nilipouruka Mto

Kaka yangu,

Hujambo? Huku wamenipa uprofesa. Tumekula keki ngumu kama sabuni.

Uliniuliza kwa nini niliondoka mara tu tulipomzika mama. Nilishindwa kukutazama usoni. Katika utafiti wangu, kijiji kilicho chini ya kilomita tano kutoka zahanati tulikiandika "karibu", na wizara ikaona hakihitaji zahanati yake. Kwetu ni kilomita nne. Nilipima kwenye ramani kwa mstari ulionyooka, nikauruka mto. Ndio mto uliokuzuia siku ile, mama akiwa mgongoni kwako, ukingoja maji yapungue mpaka akanyamaza.

Nisamehe, kaka.

Ni mimi mdogo wako, uliyekuwa ukimvusha mto huohuo kwenda shule.