Alama ya Tairi Kwenye Mpunga

Kaka Beatus, shikamoo.

Maharage yamo jikoni, nimeyafunika. Mpunga nimeupepeta na kuuanika upya. Ukisikia ngurumo, uingize ndani kabla hujafanya lolote.

Ile alama ya tairi katikati ya mpunga ni yangu. Mama alipokuwa misa ya asubuhi, nawe umekwenda kunyoa, niliwasha pikipiki yako. Nilitaka kuzunguka uani mara moja tu. Miaka sita umenibeba, tangu sekondari mpaka chuo, nikadhani nimeshajua. Kumbe miguu ikajipandisha yenyewe kwenye vikanyagio vya abiria, kule nyuma ilikozoea. Nilipotafuta breki, sikuipata. Nikapita juu ya mpunga, nikaanguka, kioo kikavunjika.

Mama alipokufokea ulisema, "Sijaigusa, mama." Akakujibu, "Kwa hiyo imejiendesha?" Nami nimesimama pale na ufagio, mimi ninayejibu mtaa mzima, nikanyamaza. Ukaniangalia, ukaondoka kutafuta abiria bila kunywa chai.

~~Usimwambie mama.~~ Nimemfuata shambani Michenga nikamwambie mwenyewe. Usije kunitetea.

Kioo nitanunua. Goti limechubuka, ukicheka nitajua.

Jioni, kama hujaninunia, nipeleke uwanjani unifundishe. Wewe ukae nyuma, uweke miguu kwenye vile vikanyagio, yangu isipate pa kukimbilia.

Mdogo wako,
Levina