Ampli Chini ya Kiti cha Sofia

Jumatatu, 17 Aprili 1972
Ampli ya kipaza sauti imekata tena. Sokoni, katikati ya tangazo la sabuni. Sofia akabaki na maikrofoni mkononi, watu wanacheka. Akamalizia kwa mdomo mtupu. Mke wangu ana sauti, lakini si ya kufanyia hivyo kila siku.
Kosa ni sanduku. Liko chini ya kiti chake kwenye kamiyoneti, gari letu la matangazo, limefungwa kila upande kuzuia vumbi. Joto halina pa kutokea.
"Umenikalisha juu ya mbabula ya makaa," alisema.

Jumatano, 19 Aprili
Nimetoboa matundu juu. Bure. Hewa ya moto inataka kutoka, ya baridi haina mlango wa kuingilia. Nimekasirika.

Ijumaa, 21 Aprili
Matundu chini, upande wa mlango. Mengine juu, nyuma ya kiti. Ampli nimeiinua kwa vipande vya mbao. Transista nimezifunga kwenye bamba nene la aluminiamu, mapezi yake wima, hewa ipande katikati. Feni ndogo inavuta kutoka chini. Kipande cha chandarua kinazuia vumbi.
Tumezunguka mji tangu baada ya swala mpaka jua kuzama. Nikaweka kiganja: vuguvugu tu. Haikukata hata mara moja. Sofia kacheka njia nzima. Nina furaha ya kijinga.

Jumanne, 25 Aprili
Wavuvi wanasema kuna watu wageni milimani. Duka la jirani limefungwa mapema. Sofia anasema ni maneno ya watu. Mimi naogopa.

Jumamosi, 29 Aprili
Homa. Sofia ameenda Minago kutangaza harusi, kaka yake Hamisi anaendesha. Nilitaka kwenda. Akanifunika blanketi. "Lala. Ampli iko sawa sasa, haitaki daktari."
Jioni. Makelele. Moshi upande wa soko. Hawajarudi.

Jumapili, 30 Aprili
Hawajarudi. Barabara haipitiki. Homa haijashuka.

Jumanne, 2 Mei
Hamisi amefika kwa miguu, kwa njia ya ufukweni. Peke yake. Alikaa chini kwanza.
Watu wenye mapanga waliteremka kwenye harusi. Sofia, mle garini, akashika maikrofoni: kimbieni ziwani, acheni vitu, kimbieni. Kwa Kirundi, kwa Kiswahili, tena na tena. Hamisi alikuwa amembeba mzee asiyeweza kutembea, anampeleka mtumbwini. Akamwita dada yake. Sofia akajibu, "Tangulia. Wa mulimani hawajasikia bado." Walisikia. Waliteremka familia kwa familia.
Wenye mapanga nao walisikia. Wakaifuata sauti.
Hamisi na wavuvi wamemzika palepale. Sikumwona.

Alhamisi, 4 Mei
Ampli ingekata, angeshuka garini. Joto lingemwokoa. Nimeliwaza hili mchana kutwa. Nilitoboa matundu yale kwa mikono yangu. Naichukia mikono yangu.
Hamisi anasema nikome kuwaza hivyo. Sikomi.

Jumatatu, 8 Mei
Sasa ni askari. Wanachukua watu majumbani, hawarudi. Hamisi amepata nafasi kwenye mtumbwi wa kwenda Kigoma. Sitaki kumwacha Sofia huku. Hamisi amenishika mkono kama kipofu. Naenda.

Alhamisi, 8 Juni. Kigoma
Arobaini ya Sofia. Tumesoma hitima nje ya nyumba ya watu waliotupokea. Watu wa Minago walikuja, hata wasio Waislamu. Wakakaa mchangani. Hakuna aliyetoa hotuba.
Baada ya chakula mama mmoja, aliyeteremka siku ile kutoka mlima wa Minago, alikusanya sahani zote. Wajukuu wake walikuwa wamelala kwenye mkeka. Akainama kuosha. Nikamwambia, "Pumzika, mama, wapo wa kuosha."
Hakunitazama.
"Niache, baba," alisema. "Niache nioshe."
Nikamwongezea maji.